Saruji Iliyolala na Nondo Zilizobaki

Ngazi ya jiko la nyumba moja, nje kidogo ya mji wa Masaka, imejengwa kwa mifuko ya saruji. Si saruji iliyokorogwa kwa mchanga na kokoto, la, bali mifuko yenyewe, 14 kwa hesabu, kila mmoja umegeuka jiwe. Mwenye nyumba ni sajini wa polisi, rafiki yangu wa siku nyingi. Aliinunua kwa mkopo wa chama cha akiba na mikopo, na kabla hajapiga plasta akapata uhamisho kwenda Arua. Aliporudi baada ya miezi 11 mambo yalikuwa yamekwisha haribika. Mkewe aliponikaribisha nilijikwaa penye ngazi hiyo, naye akasema, "Pole, shemeji. Mkopo tunaulipa hata leo, na saruji tunaikanyaga."

Jambo lililoniuma zaidi ni kwamba nyumba ya tatu kutoka hapo palikuwa na mjane aliyekuwa akijenga katika miezi ileile, akinunua saruji mpya dukani, mfuko mmoja mmoja, kila alipouza ndizi. Hakuna aliyemwambia mwenzake.

Ndugu msomaji, katika familia za askari jambo hili si geni. Sisi ni watu wa kuhamishwa, nasi hujenga kwa vipande vipande. Zaidi ya hayo, fundi huagiza vifaa kupita kiasi, kwani vigae huvunjika na mbao hukatwa vibaya. Hivyo kila uwanja wa nyumba mpya una rundo lake la mabaki. Vijana wetu walio na ujuzi wa kompyuta wameanza kuuliza kama hawawezi kutengeneza soko katika intaneti, ambamo mwenye mabaki na mwenye haja wataonana. Wanaweza, na mfano wa kufuata upo.

Mwaka 1991, katika mji wa Winnipeg nchini Kanada, shirika la Habitat for Humanity lilifungua duka la kuuza vifaa vya ujenzi vilivyotolewa na watu waliobakiwa navyo, na faida yake ikasaidia kujenga nyumba za wenye kipato kidogo. Mwaka 1995 Pierre Omidyar alianzisha Marekani soko la mnada katika intaneti, lile lililoitwa baadaye eBay. Kitu cha kwanza kuuzwa humo kilikuwa kielekezi cha mwanga wa leza, tena kibovu, na mnunuzi alijua kuwa ni kibovu. Mwaka 2003, huko Tucson katika jimbo la Arizona, Deron Beal alianzisha Freecycle, ambamo vitu hutolewa bure. Kwetu Uganda kutuma fedha kwa simu kulianza mwaka 2009, na masoko ya jumla ya intaneti yamo katika simu za watu wengi. Basi mtambo si shida. Mnada wa kielekezi kibovu ulifaulu kwa sababu ubovu wake ulitajwa, na hapo ndipo soko la vifaa vya ujenzi litakaposimama au kuanguka.

Tuanze na saruji. Mtu akitangaza "saruji, mifuko 14, bei nzuri", hajasema neno. Saruji huvuta unyevu wa hewa hata ikiwa ndani ya mfuko uliofungwa. Kwa hesabu za kawaida za wajenzi, baada ya miezi 3 hupoteza karibu sehemu 20 kwa 100 za nguvu yake, na baada ya miezi 6 karibu 30. Kwa hiyo tangazo lake hapana budi litaje tarehe iliyochapwa mfukoni na daraja lake, kwani ile ya 32.5 ni ya plasta na kuta, na ile ya 42.5 hufaa zege la nguzo. Ningewashauri vijana waupange mtambo uondoe wenyewe kila tangazo la saruji likipita miezi 3. Saruji haingojei mnunuzi.

Nondo nazo zina hila yao. Nondo ya milimita 12, yenye urefu wa mita 12, yapasa kuwa na uzito wa karibu kilo 10.7. Hesabu yake ni rahisi: zidisha upana wa nondo kwa upana wake, gawanya kwa 162, utapata kilo za kila mita. Mizani ya kupimia kahawa yatosha. Kwa mabati, asiyejua hudhani geji 30 ni nene kuliko geji 28, kumbe ni nyembamba. Vigae huchapwa namba ya toleo kwenye kasha, na makasha mawili ya namba mbalimbali huweza kutofautiana rangi kidogo, jambo ambalo mama wa nyumba huligundua baada ya fundi kuondoka na malipo yake. Ama mapaa ya zamani ya asbesto, kama yaliyofunika majengo mengi ya enzi zilizopita, yasikubaliwe sokoni kabisa. Vumbi lake huleta saratani.

Wengi watataka kubadilishana pasipo fedha, nondo kwa mbao, mlango kwa matofali. Hapo ugomvi huanza, kwa kuwa kila mtu huona chake ni ghali. Kwa maoni yangu vitu vyote vipimwe kwanza kwa bei ya dukani ya juma lilelile, kisha vipunguzwe: robo kwa kisichotumika, nusu kwa kilichotumika. Tofauti ilipwe kwa simu wakati wa kupakia, si kabla.

Sasa nifike penye uzito kwetu sisi wa magwanda. Mwaka 2023 mawaziri walishtakiwa mahakamani kuhusu mabati yaliyokuwa yametengwa kwa ajili ya wananchi wa Karamoja, na nchi nzima ikajifunza kutazama chapa iliyo juu ya bati. Soko la mabaki likifunguliwa, wezi watakuwa wa kwanza kujiandikisha. Kila tangazo liambatane na risiti ya duka. Asiye na risiti alete barua ya mwenyekiti wa kijiji. Chochote chenye chapa ya serikali kikataliwe, na habari zake zifikishwe kituoni. Sheria humwadhibu pia anayepokea mali huku akijua ni ya wizi, na polisi akipatikana na bati la namna hiyo juu ya jiko lake hataaminiwa akisema hakujua.

Lipo na la usalama. Picha ya simu huweza kubeba alama za mahali ilipopigwa. Askari asipige picha ya mbao zake penye uzio wa kambi, wala asiandike kwamba anauza kwa sababu kikosi chake kinahama. Majina na namba za watu zitakazohifadhiwa na vijana wetu zinalindwa na Sheria ya mwaka 2019 ya kulinda taarifa za watu, kwa hiyo wasizigawe ovyo.

Tena wasikimbilie nchi nzima. Kutoka Kampala hadi Gulu ni zaidi ya kilomita 300, na nauli ya lori itameza thamani ya matofali yote. Waanze na wilaya moja, na vitu vichache: nondo, mabati, milango na vigae.

Sajini yule alibakiwa pia na nondo 9 za milimita 12, zimelala chini ya dari. Tuliteremsha moja, tukaipima kwa mizani ya jirani. Ilikuwa kilo 9 na nusu. Tukapima ya pili, ikawa vilevile. Akakaa kimya, maana nguzo za nyumba yake ni za nondo zilezile, za duka lilelile. Mkewe alikuwa ameshika simu tayari kuandika tangazo. "Niandike milimita 12, baba?" Akamjibu, "Andika kilo 9 na nusu."