Barua ya Kisima: Iende kwa Nani, na Lini?



Mto Umba huanzia milima ya Usambara, kule Tanzania. Kwa hiyo maji yanaweza kutufikia hata siku ambayo kwetu hakujanyesha tone. Yakiingia kijijini hupita vyooni, kisha visimani, na siku chache baadaye watoto wanaanza kuharisha.

Kikundi kimoja cha kina mama tulichokitembelea kilikuwa kimemwandikia chifu barua mbili, kikiomba kisima kifunikwe na kiwekewe pampu. Jibu hawakupata, wakaona wamedharauliwa. Tulipozisoma, barua zilikuwa nzuri. Zilikosea mlango tu.

Chifu ni mtu wa serikali kuu. Mambo ya usalama, ugomvi na kutangaza hatari ya mafuriko, mpelekeeni yeye. Lakini tangu mwaka 2013, yale mabaraza ya zamani tuliyoyaita kanso yalipoondolewa, kazi nyingi za afya ziko kwa serikali ya kaunti. Ndivyo Katiba ya 2010 ilivyogawa: zahanati na vituo vya afya, hospitali za kaunti, ambulensi, maji na usafi, takataka, ukaguzi wa vyakula vinavyouzwa, hata zimamoto. Basi kisima ni cha kaunti. Anzeni kwa msimamizi wa wadi, na nakala mpeni mwakilishi wenu wa wadi, yule ambaye zamani tungemwita diwani. Kisima kikishaingiwa na maji machafu, mwiteni bwana afya akitie dawa siku hiyo hiyo. Hilo halihitaji barua.

Sasa jambo linalotuumiza zaidi ni wakati. Mafuriko huja masika, nasi huandika Mei, matope yakiwa bado mlangoni. Kumbe kwa sheria makadirio ya bajeti yanatakiwa kufika bunge la kaunti kabla ya tarehe 30 Aprili, na mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai. Mkiomba Mei mtapata msaada wa dharura, mkibahatika, lakini pampu hampati. Tena kabla ya bajeti kuna mpango wa maendeleo wa mwaka, nao unatakiwa kuwa tayari ifikapo tarehe 1 Septemba. Kwa hiyo barua ya kisima iandikwe Julai au Agosti, wakati kisima ni kikavu na hakuna anayekifikiria! Halafu mkutano wa maoni ya wananchi kuhusu bajeti ukiitishwa, nendeni watu wengi, si mwenyekiti peke yake.

Barua isiwe ndefu. Semeni kisima kiko wapi, nyumba ngapi zinateka hapo, na watoto wangapi waliharisha. Hesabu hiyo mwombeni mhudumu wa afya ya jamii. Kila mmoja amepewa kama nyumba 100 za kutembelea, na huandika anachokiona. Tumeona kwamba namba humkalisha afisa kitini kuliko malalamiko.

Huku mkingoja, chemsheni maji ya kunywa. Kuni ni ghali, tunajua, lakini matibabu ya mtoto ni ghali zaidi.

Wasiojua kuandika waweke dole gumba. Nakala moja igongwe muhuri wa ofisi pamoja na tarehe, ikae kwa katibu.