Marekani: bunduki ya michezo inayounganishwa nyumbani, kipande kwa kipande

Katika sehemu kubwa ya Marekani, mtu anaweza kuagiza mtutu, kitako, kifyatulio na darubini ya bunduki, na vyote vikamfikia mlangoni kwa posta kama vile viatu. Kuna kipande kimoja tu ambacho hakifiki namna hiyo: kile kisanduku cha chini cha chuma chepesi chenye namba, ambacho vipande vingine vinafungwa juu yake. Kwa sheria ya shirikisho, hicho peke yake ndicho kinaitwa bunduki. Vingine vyote ni vyuma tu.

Kwa wakaaji wa Goma, Bukavu ao Uvira, ambao wameona silaha zikileta msiba na si mchezo, jambo hili linashangaza. Lakini linawagusa pia. Katika mwaka wa bajeti 2023 peke yake, Marekani ilipokea wakimbizi zaidi ya 18 000 kutoka Kongo, wengi kuliko wa nchi nyingine yoyote mwaka ule. Familia hizo zinaishi Texas, Kentucky, Ohio na kwingineko, karibu na majirani ambao siku ya posho wanaenda uwanja wa kulenga shabaha kama wengine wanavyoenda mpira. Mtoto wao ao ndugu yao akialikwa kule, inafaa kujua mchezo huo unajengwa na nini, gharama iko wapi, na mpaka wa sheria uko wapi.

Bunduki iliyokatwa vipande

Bunduki inayounganishwa zaidi nyumbani ni ile ya aina ya AR-15. Herufi AR hazimaanishi "bunduki ya mashambulizi" kama wengi wanavyofikiri. Zinatoka kwa jina la ArmaLite, kampuni ndogo ambako fundi Eugene Stoner aliichora katika miaka ya 1950. Mwaka wa 1959 ArmaLite iliuzisha haki zake kwa Colt. Jeshi la Marekani lilichukua aina yake ya kijeshi, M16, inayoweza kupiga mfululizo. Toka mwaka wa 1964, Colt ilianza kuuzishia raia aina inayotoa risasi moja kila mara kifyatulio kinapovutwa.

Haki za uvumbuzi zilipoisha muda katika miaka ya 1970, viwanda vingine vilipata ruhusa ya kuitengeneza. Kwa kuwa vingi vilifuata vipimo vilevile, mtutu wa kiwanda kimoja unaingia kwenye mwili wa kiwanda kingine. Ndiyo maana imekuwa kama moto ya fundi wa Birere: cheni ya huku, tairi ya kule, taa ya pengine. Mwaka wa 2022, chama cha wenye viwanda vya bunduki, NSSF, kilikadiria kwamba bunduki za namna hii zaidi ya milioni 24 ziliingia sokoni Marekani toka mwaka wa 1990.

Kwanza mchezo, kisha vipande

Kosa la wengi ni kununua vipande kwa sababu vinapendeza machoni. Wazoefu wanaanza kwa swali lingine: bunduki hii itapiga nini, na kwa umbali gani?

Mfano mzuri ni mashindano ya Camp Perry, kando ya ziwa Erie katika jimbo la Ohio, yanayofanyika kule toka mwaka wa 1907. Katika mchezo wa bunduki ya kijeshi, mshindani anapiga kwa yadi 200, 300 na 600. Anapiga akisimama, akikaa na akilala. Kwa yadi 600, ni kusema karibu mita 550, duara la pointi 10 lina upana wa sentimita 30 hivi, kama sahani ya chakula. Kanuni zimefunga mambo mengi: darubini isizidi ukuzaji wa mara 4 na nusu, na kifyatulio kisivutike kwa uzito ulio chini ya kilo 2 hivi. Mwenye kununua darubini kubwa ya mara 20 kabla ya kusoma kanuni amepoteza feza yake.

Mtu wa kupiga vibati kwa mita 100 siku ya mapumziko hahitaji vitu hivyo. Mwindaji naye anataka bunduki nyepesi, maana ataibeba kutwa nzima. Michezo hii mitatu inaomba bunduki tatu tofauti, hata kama zinafanana kwa mbali.

Mtutu ndio unaamua

Kama kuna mahali pa kuweka feza nyingi, ni mtutu. Ndani yake mna mifereji inayozunguka, inayoipa risasi mzunguko ili isiyumbe hewani. Kasi ya mzunguko huo inaandikwa kwa namba. "1:9" maana yake risasi inazunguka mara moja kamili katika inchi 9, karibu sentimita 23. "1:7" inazunguka haraka zaidi, mara moja katika sentimita 18 hivi.

Namba hiyo inaenda pamoja na uzito wa risasi. Risasi nyepesi ya gramu 3 na nusu inatosheka na 1:9. Risasi ndefu na nzito ya gramu 5, ile inayopendwa kwa yadi 600, inahitaji 1:8 ao 1:7. Bila hivyo inayumba na kufika kwenye karatasi ikiwa imelala upande. Mtu anaweza kulaumu macho yake mwaka mzima, kumbe ni mtutu na masasi visivyopatana.

Jambo la pili ni chemba, pale risasi inapokaa kabla ya kupigwa. Hapa ndipo hatari iko. Masasi ya .223 Remington na ya 5.56 ya NATO yanafanana kabisa kwa macho, lakini chemba zake hazilingani. Risasi ya 5.56 ikipigwa katika chemba ya .223, msukumo wa gesi unaweza kupita kiasi na kuumiza bunduki pamoja na mwenye kuishika. Chemba ya 5.56 inakubali zote mbili. Kuna pia ya tatu, .223 Wylde, iliyochorwa kwa ajili ya kupokea zote mbili bila kupoteza ulengaji, nayo inapendwa na wanamichezo. Alama hiyo kwa kawaida inaandikwa juu ya mtutu wenyewe, na inapaswa kusomwa kabla ya bei.

Kisha chuma. Mtutu uliopakwa kromu ndani unavumilia kutu na joto. Ule wa chuma kisichoshika kutu mara nyingi unalenga vizuri zaidi, lakini unachakaa mapema ukipigwa mfululizo. Tena mtutu mzito unachelewa kupata moto na hautikisiki ovyo, ila mabega yatalipa deni hilo.

Urefu nao si wa kuchagua kwa kupenda tu. Sheria ya 1934 inaweka mpaka wa inchi 16, karibu sentimita 41, kwa mtutu wa bunduki ya begani. Mwenye kufunga mtutu mfupi zaidi bila kusajili na kukubaliwa na serkali kwanza ametenda kosa kubwa la jinai, hata kama bunduki haijapigwa hata mara moja.

Kifyatulio, mkono na jicho

Kifyatulio cha kawaida cha aina ya kijeshi ni kizito na kinakwaruza. Mlengaji anavuta, anavuta, na wakati huo bunduki inasogea. Kifyatulio cha mashindano kinavunjika kama kijiti kikavu: wazi, bila kusogea mbele na nyuma. Ni badiliko ambalo mwanzaji analisikia siku ileile. Lakini kifyatulio chepesi kupita kiasi ni hatari kwa mkono usiozoea, na vile vya bei rahisi visivyo na jina vinaweza kuachia vyenyewe bunduki ikianguka.

Kishikio cha mbele kisichogusa mtutu nacho kina faida ya kweli. Mlengaji akiegemeza bunduki ao akiufunga mkanda mkononi, nguvu haifiki kwenye mtutu na risasi haihami mahali. Mkanda wenyewe, ambao wengi wanauona kama wa kubebea tu, kwenye uwanja wa Camp Perry ni nguzo: unafungwa mkononi na kuimarisha bunduki kama kamba ya hema.

Kwa darubini, kioo kizuri cha ukuzaji mdogo kinashinda kioo kibaya cha ukuzaji mkubwa. Wenye mchezo huu wanapima kwa "dakika ya pembe", ambayo kwa mita 100 ni sentimita 2.9 tu. Kwenye darubini nyingi, kila mlio mdogo wa kirungu unasogeza alama robo ya dakika hiyo, karibu milimita 7. Kirungu kikidanganya, hesabu yote inapotea. Vilevile darubini ya bei ghali juu ya pete dhaifu ni kazi bure: kila mshindo unaisogeza kidogo, na mwenyewe anafikiri ni upepo.

Vinavyonunuliwa mwisho, vingepaswa kuwa vya kwanza

Mlio wa bunduki hii unapita desibeli 140, kiasi ambacho mshindo mmoja unaweza kuharibu sikio kwa maisha yote. Vifuniko vya masikio na miwani ya kinga ndiyo vyombo vya kwanza, kabla ya taa, rangi na mapambo. Kuna pia vifaa vya mdomo wa mtutu vinavyopunguza msukumo begani, lakini vinatupa mlio upande, na jirani wa uwanjani ndiye anapata mateso.

Chombo kingine ni kabati la chuma lenye kufuli. Mwaka wa 2021, watu 48 830 walikufa kwa bunduki Marekani, na zaidi ya nusu yao walijiua wenyewe. Nyumba yenye watoto ao yenye mtu mwenye huzuni nzito haina sababu ya kuacha bunduki chini ya kitanda. Kufuli linagharimu kidogo kuliko kifyatulio cha mashindano.

Pale sheria inaposimama

Kile kisanduku cha chini kinapitia kwa mwuzaji mwenye leseni. Mnunuzi anajaza fomu 4473, anaonyesha kitambulisho, na jina lake linachunguzwa katika mfumo wa serkali ulioanza mwaka wa 1998. Kwa mwuzaji, kipande hicho hakiuziwi mtu wa chini ya miaka 21.

Mgeni mwenye kadi ya ukaaji wa kudumu anaruhusiwa kununua, kama hana kizuizi kingine. Mwenye viza ya muda, kama mwanafunzi ao mtalii, kwa kawaida haruhusiwi, isipokuwa kwa sababu chache kama kibali cha uwindaji. Asiye na hati haruhusiwi kabisa kushika bunduki wala risasi. Aliyehukumiwa kwa kumpiga bibi ao bwana wake amefungiwa pia. Na kumnunulia ndugu ambaye mwenyewe asingeruhusiwa ni kosa ambalo, toka sheria ya 2022, linaweza kuleta kifungo cha hadi miaka 15. Kwa mgeni kuna adhabu ya juu ya adhabu: kuhukumiwa kwa kosa la bunduki ni sababu ya kufukuzwa katika nchi, hata kama ana kadi.

Kuna pia vile vifurushi vya bunduki isiyo na namba, zinazoitwa "bunduki za mizimu". Mwaka wa 2017 polisi waliomba serkali ifuatilie asili ya bunduki kama hizo 1 600 hivi. Mwaka wa 2021 zilikuwa zaidi ya 19 000. Kanuni ya 2022 iliagiza vifurushi hivyo viwe na namba na mnunuzi achunguzwe, na tarehe 26 Machi 2025 Mahakama Kuu iliikubali kwa sauti 7 dhidi ya 2. Tena kila jimbo lina lake: California, New York, Illinois na Washington yamezuia kuuzishwa kwa bunduki nyingi za aina hii. Bunduki iliyo halali Kentucky inaweza kumfunga mwenyewe akihama nayo.

Kifurushi cha kwenda nyumbani

Linabaki jambo ambalo halipaswi kuchezewa. Mtutu ao kifyatulio ambacho Texas kinanunuliwa bila fomu hakiwezi kuwekwa katika valizi ya kuja Goma ao Kinshasa. Kutoa vipande vya bunduki Marekani bila kibali cha serkali ni kosa la jinai, na darubini nyingi za bunduki zimo katika vizuizi hivyo. Kongo yenyewe iko kwenye orodha ya nchi ambazo Marekani inazifungia silaha.

Upande wa Kongo, kushika silaha kunaongozwa na sheria ya 1985, na bila ruhusa hakuna raia mwenye haki hiyo. Nchi za Afrika ya Kati nazo zilipatana mjini Kinshasa, tarehe 30 Aprili 2010, juu ya mkataba ulioanza kazi mwaka wa 2017. Jina lake refu halitaji bunduki na masasi tu. Linataja pia vipande vyote vinavyoweza kutumiwa kuzitengeneza, kuzirekebisha na kuziunganisha.

Hapo ndipo sheria mbili zinaachana. Kule Marekani kipande kimoja tu ndicho bunduki. Huku kwetu, mbele ya mkataba huo, hata kipande kidogo kinahesabiwa. Ndugu wa ng'ambo anayeombwa "kachuma kadogo tu ka bunduki ya kuwindia" anaweza kujibu bila haya: hapana, hako kachuma kana gereza ku pande zote mbili.