‘Oblique’: Neno moja, maana nyingi, na somo lake kwa sisi walimu

NENO la Kiingereza “oblique” limo katika vitabu vya hesabu, vya biolojia na hata vya sarufi, na kila kitabu kinalieleza kivyake. Mwanafunzi wangu kutoka Kasenyi akilikuta mara tatu kwa wiki moja, hudhani ni maneno matatu. Kumbe ni lile lile. Asili yake ni Kilatini, obliquus, yaani kilichoinama au kilichokwenda upande.

Mimi nilikijua kitu kabla ya jina. Shule ya msingi nilisoma Tanzania, wazazi wangu walipokuwa uhamishoni, na huko hesabu zilifundishwa kwa Kiswahili. Mwalimu alichora ubaoni mistari mitatu: wima, mlalo na hanamu. Nilipoingia sekondari, ambako masomo ni kwa Kiingereza, nilihitaji jina jipya tu. Wanafunzi wangu hapa hupewa jina kwanza, kitu kikafuata baadaye, au kisifuate kabisa.

Hebu tulitazame neno lenyewe. Katika hesabu, mstari wa hanamu hukutana na mwenzake kwa pembe isiyo mraba, na pembetatu isiyo na pembe ya nyuzi 90 nayo huitwa “oblique”. Mchoraji wa sanduku huchora uso wa mbele kama ulivyo, kisha huvuta mistari ya kina kwa hanamu, mara nyingi kwa nyuzi 45. Waingereza wameipa jina hilo hata alama ya mkwaju, ile tunayoiweka katikati tunapoandika na/au.

Katika biolojia, kila jicho lina misuli 6 ya kuligeuza: 4 minyoofu na 2 ya hanamu. Ubavuni pia tunayo misuli ya namna hiyo, na ndiyo inayomwezesha mvuvi wa Ziwa George kujipinda akivuta wavu.

Katika jiografia, mfano uko mlangoni petu. Mstari wa Ikweta unapita hapa Kasese, karibu na Kikorongo. Mhimili wa dunia umeinama kiasi cha nyuzi 23.4, na kwa sababu hiyo jua la saa sita hutukalia utosini mara mbili kwa mwaka, Machi na Septemba. Mvua zetu mbili hufuata mwendo huo wa jua. Dunia ingesimama wima, majira hayo yasingekuwepo.

Halafu ipo maana inayowasumbua wanafunzi kuliko zote: kusema kwa upande. Sisi tunaita fumbo, au kijembe kikiwa na makali. Wanawake wa pwani huandikiwa maneno hayo kwenye leso, na jirani akipita huyasoma na kujua yanamhusu nani. Wahenga walisema, fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huling’amua.

Ndugu msomaji, usidhani kwenda upande ni udanganyifu. Njia za miguu za Rwenzori hazipandi wima. Hukata mlima hanamu, na mwenye mzigo kichwani hufika. Maneno nayo yana milima. Usiku wa Juni 16, 2023, Shule ya Sekondari ya Lhubiriha pale Mpondwe, jirani na Bwera, ilivamiwa na wanafunzi zaidi ya 30 wakauawa. Wazazi ninaozungumza nao wanapougusa usiku ule husema “yale mambo”, kisha wananyamaza kidogo. Simwombi yeyote anyooshe sentensi hiyo. Huo ni mzigo, na hiyo ndiyo njia yake ya kuupandisha.

Lakini kuna mahali hanamu inamgharimu mtoto. Msichana mmoja wa mwaka wa pili sekondari alikosa shule wiki tatu. Nilipokutana na mama yake aliniambia, “Mwalimu, mtoto amesafiri kidogo.” Wenzake walikuwa wamemwona ufukweni akiparua samaki. Nilimuuliza taratibu, “Mama, ni karo au ni kazi?” Akatazama chini, akajibu, “Ni karo, Mwalimu. Niliona haya.” Karo ina mlango wa kugonga. Tulikwenda pamoja kwa mkuu wa shule, akakubali alipe kidogo kidogo, na Jumatatu iliyofuata msichana alikuwa darasani. Safari isiyokuwepo isingekuwa na dawa.

Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda lilipitisha Kiswahili kuwa lugha rasmi na kupendekeza kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Walimu tusikifunge ndani ya kipindi chake. Anayefundisha hesabu kwa Kiingereza anaweza kuegemeza fimbo ukutani, akasema “hanamu”, ndipo akaandika “oblique” ubaoni. Na wa lugha awafundishe watoto kupima: kwenye msiba na mbele ya wakubwa, fumbo ni adabu, kwa daktari, mahakamani na kwa mwalimu anayeuliza mtoto yuko wapi, maneno yanyooke.

Mzazi mwenye shida ya karo asingoje wiki tatu. Aje aseme karo.