Yeyuka, menyuka, changanya: vitenzi vitatu katika maonyo ya kemia

Chumvi ikitiwa katika kikombe cha maji ya ziwa pale Kamanga, ng'ambo ya jiji la Mwanza, huyeyuka. Maji hayo yakichemshwa hadi yakauke, chumvi hubaki chini ya chombo. Kipande cha sodiamu kikitiwa katika maji nacho hutoweka, na wengi husema "kimeyeyuka". Hata hivyo, maji yakikauka sodiamu hairudi. Imemenyuka.

-yeyuka: (1) geuka kuwa kioevu kwa joto, (2) sambaa katika kioevu bila kuwa kitu kingine.

-menyuka: athiriana na kitu kingine kikemia hata vikatokea vitu vipya. Nomino: mmenyuko.

Sodiamu hustahili vitenzi vyote viwili, lakini kwa maana tofauti. Joto la mmenyuko huiyeyusha kwa nyuzi 98 za Selsiasi, ikawa tone linalokimbia juu ya maji. Wakati huohuo humenyuka na kutoa haidroksidi ya sodiamu, ambayo huunguza ngozi, pamoja na gesi ya haidrojeni, ambayo huweza kulipuka ikiwa ni asilimia 4 hadi 75 ya hewa. Zinki katika asidi iliyozimuliwa hutoa gesi hiyohiyo polepole. Sodiamu katika asidi hulipuka. Anayeambiwa kwamba metali "itayeyuka" haoni sababu ya kuzima koroboi wala kufungua dirisha.

-changanya huficha mpangilio. "Changanya asidi na maji" haisemi kipi kiingie katika kipi, kwa kuwa "na" huvilinganisha vyote viwili. Maji yakimiminwa katika asidi kali ya salfa, joto huyachemsha ghafla na asidi huruka usoni. Kauli ya kutendea nayo ina mtego: katika "mwagia asidi maji", kinachomwagiwa ni asidi, lakini msomaji mwenye haraka huweza kuelewa kinyume.

Tofauti hizi zina uzito zaidi nchini Tanzania, ambako sayansi hufundishwa kwa Kiswahili katika shule nyingi za msingi, kisha kwa Kiingereza katika sekondari. Mara nyingi onyo la maabara husomwa kwa lugha moja na kufafanuliwa kwa nyingine, na kitenzi ndicho hupotea njiani.

Matumizi yanayopendekezwa

- Si: *Zinki huyeyuka katika asidi.* Bali: *Zinki humenyuka na asidi na kutoa haidrojeni.*
- Si: *Changanya asidi na maji.* Bali: *Mimina asidi polepole ndani ya maji, huku ukikoroga. Kamwe usimimine maji ndani ya asidi.*
- Si: *Sodiamu na maji ni hatari.* Bali: *Sodiamu isiguse maji. Ihifadhiwe ndani ya mafuta. Ikiwaka, usiizime kwa maji. Ifunike kwa mchanga mkavu.*