Allemagne, Ujerumani, Deutschland: inchi moja, majina matatu

Ku shule mwanafunzi anafundishwa Allemagne. Ku redio anasikia Ujerumani. Lakini mwenye inchi mwenyewe, ukimuuliza anatoka wapi, atakujibu: Deutschland. Juu ya nini majina matatu?

Tuanze na matamshi. Usilisome kama Kifaransa. Kwa Kijerumani, eu inasomwa oi, tsch ni ch yetu ya «chakula», na d ya mwisho inakuwa t. Sema basi: Doich-lant, na sauti ipande kwenye Doich.

Land ni inchi. Deutsch inatoka kwa neno la zamani lililomaanisha watu. Katika maandishi ya Kilatini ya mwaka 786 tunakuta theodisce, maana yake: kwa luga ya raia wa kawaida, siyo Kilatini cha wasomi wa kanisa. Pole pole jina la luga likakuwa jina la watu, kisha la inchi. Njia hiyo siyo ngeni kwetu: bantu, katika luga zetu nyingi, ni watu tu.

Majina mengine yalitoka kwa majirani. Wafaransa walipakana na kabila la Alamanni, njo maana wanasema Allemagne. Waroma waliita eneo lile Germania. Waingereza wakafanya Germany, na Kiswahili kikapata Ujerumani. Wapoland wanasema Niemcy, jina lenye mzizi mmoja na neno «bubu»: watu ambao jirani hakuelewa wanasema nini.

Kiswahili cha zamani kilikuwa na jina lingine. Wakati Wajerumani walitawala Tanganyika, Rwanda na Burundi, ng'ambo tu ya Ruzizi na ziwa, watu waliwaita Wadachi. Dachi ni Deutsch yenyewe, vile sikio liliipokea.

Jambo hili linatugusa na sisi. Wareno walisikia nzadi, mto kwa Kikongo, wakaandika Zaire. Mwaka 1971 Mobutu alichagua jina hilo kwa kutafuta «authenticité», na mpaka 1997 inchi nzima ilibeba neno letu lililopita kwanza mdomoni mwa mgeni.

Leo Wajerumani wanatuita Kongo, na K, na wanalitamka karibu kama sisi. Tuwarudishie basi heshima hiyo: Doich-lant.