Ugezi na Uhakiki: Istilahi Mbili za Maabara ya Damu

Katika makala haya tunakusudia kueleza istilahi mbili za maabara ya tiba ambazo huchanganywa mara kwa mara katika tafsiri. Moja ni ya kazi ya kuipa mashine ya damu kipimo cha haki. Ya pili ni ya kazi ya kuthibitisha kwamba mashine hiyo haijakiacha kipimo ilichopewa. Msomaji aweza kudhani kwamba jambo hili ni la mafundi peke yao. Sivyo. Pale maneno mawili yanapofanywa kuwa moja, kazi mbili nazo hufanywa kuwa moja, na anayelipa gharama ya mchanganyiko huo ni mgonjwa.

Tuanzie Kasoli. Kata hii imo wilayani Bariadi, katika Mkoa wa Simiyu uliomegwa mwaka 2012 kutoka mikoa ya Shinyanga na Mwanza. Ni nchi ya pamba, na mkulima wa pamba azijua dhana hizi mbili hata kama hajapata kuingia maabara. Ofisa wa Wakala wa Vipimo huijia mizani ya kununulia pamba akiwa na mawe ambayo uzito wake umethibitishwa. Mizani ikikosea, hurekebishwa hadi ikubaliane na mawe. Hiyo ni kazi ya kwanza. Lakini msimu ni mrefu, wala ofisa hawezi kukaa kituoni kila siku. Mkulima mwangalifu aweza kulipima furushi lake mahali anapopaamini kabla ya kulipeleka kuuza. Mizani ya kituo ikitaja uzito mwingine, haigeuzi ili ilingane na furushi, hutaka ichunguzwe. Hiyo ni kazi ya pili. Jiwe huirekebisha mizani; furushi huishuhudia.

Mashine ya kuchanganua damu nayo ni mizani ya aina yake. Nyingi kati ya mashine hizi hufuata kanuni aliyoipatia hataza Wallace Coulter wa Marekani mwaka 1953: damu huzimuliwa katika kimiminiko chenye chumvi, seli zikapitishwa katika tundu dogo lenye mkondo wa umeme, na kila seli ipitapo huuzuia umeme kidogo. Mashine huhesabu vizuizi hivyo na kuupima ukubwa wake. Ili kupima himoglobini, ambayo wananchi huiita wingi wa damu, seli nyekundu hupasuliwa kwa dawa, kisha hupimwa kiasi cha nuru kinachomezwa na rangi iliyotoka ndani yake. Bomba likiziba kidogo, taa ikififia, au kimiminiko kikizidi, majibu hupotoka. Mashine yenyewe haitasema. Itaendelea kuchapa tarakimu zilizo safi na za uongo.

Tuchukue mfano. Mashine ikizidisha kwa asilimia 10, himoglobini ya mtoto iliyo gramu 3.8 kwa desilita itasomeka karibu 4.2. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kwa hospitali huagiza mtoto mwenye gramu 4 au pungufu aongezewe damu. Kadhalika, mjamzito mwenye gramu 6.6 atasomeka karibu 7.3, ilhali upungufu mkubwa wa damu kwa mjamzito huhesabiwa chini ya gramu 7. Katika Kanda ya Ziwa, ambako malaria na selimundu huwapunguzia damu watoto wengi, kosa hili dogo la mashine laweza kumrudisha nyumbani mtoto aliyestahili kulazwa.

Ndiyo sababu maabara hutumia vimiminiko vya namna mbili. Cha kwanza kimepewa thamani kwa kulinganishwa na njia za rejea. Kwa himoglobini, njia hiyo ni ile ya sianidi ya himoglobini, iliyokubaliwa kimataifa katika miaka ya 1960. Mashine husomeshwa kimiminiko hicho, na kama inatofautiana nacho kupita kiasi kinachoruhusiwa, huwekwa sawa. Kazi hii hufanywa mashine inapofungwa, baada ya matengenezo makubwa, au pale ushahidi unapoonyesha kwamba imepotoka. Haifanywi kila asubuhi.

Cha pili hutumiwa kila siku kabla ya damu ya mgonjwa wa kwanza. Kwa kawaida huja katika viwango vitatu: cha chini, cha wastani na cha juu. Majibu yake huandikwa katika chati, utaratibu ambao Levey na Jennings waliuingiza katika maabara za tiba mwaka 1950, wakiufuata ule uliobuniwa na Shewhart kwa ajili ya viwanda katika miaka ya 1920. Jibu moja kati ya 20 hivi laweza kutoka nje ya mipaka ya mikengeuko miwili bila mashine kuwa na kosa lolote. Lakini majibu yanayopanda siku baada ya siku upande mmoja ni onyo, hata kama bado yamo ndani ya mipaka.

Kosa kubwa ni kuirekebisha mashine ili ilingane na kimiminiko cha pili. Vichupa hivi huhifadhiwa kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi, wala havidumu siku nyingi vikisha kufunguliwa. Umeme ukikatika usiku kucha, huenda kilichoharibika ni kichupa wala si mashine. Anayeigeuza mashine ifuate kichupa kilichoharibika ameiharibu damu ya kila atakayepimwa siku hiyo. Tena amempoteza shahidi: tangu hapo kichupa na mashine vitakubaliana daima, kwa kuwa kimoja kimelazimishwa kumfuata mwenziwe.

Sasa tuyatazame maneno. Kwa kazi ya kwanza, wengine husema “kalibresheni”, wengine “usawazishaji”, wengine “urekebishaji”. La kwanza halimwelezi chochote asiyelijua. La pili lina maana ya kuweka usawa, kama wa ardhi au wa magoli. La tatu ni sehemu tu ya kazi, kwani mashine iliyolinganishwa na kuonekana sahihi hairekebishwi, ingawa kazi yenyewe imekwisha kufanyika. Tunapendelea “ugezi”, neno ambalo Shirika la Viwango Tanzania limekwisha kulizoesha kwa vifaa vya kupimia. Lina mzizi mmoja na “kigezo”, nalo humkumbusha mtumiaji kwamba pana kitu cha kulinganisha nacho.

Kwa kazi ya pili, “udhibiti wa ubora” lafaa kutaja utaratibu mzima. Lakini kuita kichupa chenyewe “kidhibiti” ni kukipa mamlaka kisichokuwa nayo. Kichupa hakidhibiti kitu. Hutoa ushahidi, na mtu ndiye anayeamua. “Uhakiki” laeleza kazi hiyo vizuri zaidi.

Limebaki jina la vimiminiko. Baadhi ya watafsiri wameviita “suluhisho”. Suluhisho ni la ugomvi au la tatizo, wala halimiminwi. “Myeyusho” ni neno sahihi la kemia, nalo lafaa kwa kimiminiko cha kuzimulia, ambamo chumvi imeyeyuka. Hata hivyo, katika vichupa vya ugezi na vya uhakiki seli hazikuyeyuka. Zinaelea, na zisipochanganywa kwa kupinduliwa polepole huzama chini. Fundi anayeambiwa kwamba ni myeyusho aweza kuona hapana haja ya kuchanganya. Kwa hiyo twapendekeza yafuatayo:

Ugezi: kulinganisha mashine na thamani iliyothibitishwa na kuiweka sawa inapohitajika.

Damu ya kigezo: kimiminiko chenye thamani hiyo, kinachotumiwa katika ugezi.

Uhakiki: kuchunguza kila siku kama mashine bado inasoma sawa, bila kuigeuza.

Damu ya uhakiki: kimiminiko chenye mipaka inayojulikana, kinachotumiwa katika uhakiki.

Myeyusho wa kuzimulia: kimiminiko cha chumvi kinachopunguza uzito wa damu kabla ya kupimwa.

Tunawaomba wataalamu wa maabara, hasa walio katika vituo vya mbali, watueleze kama maneno haya yanafaa mdomoni na katika daftari la zamu. Istilahi nayo huhitaji uhakiki, na wao ndio mashahidi wake.