Sonona Baada ya Jeraha la Ubongo: Wajibu wa Mchungaji

Msharika aliyeumia kichwa ajalini hurudi nyumbani, kidonda kimepona, na usharika humshukuru Mungu pamoja naye. Baada ya miezi michache haonekani tena ibadani. Hali, halali, na husema kwamba maisha yake hayana maana. Wengi wetu huwa wepesi kuita hali hiyo upungufu wa imani. Yafaa tuichunguze zaidi.

Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington, mjini Seattle, Marekani, walitangaza matokeo ya kuwafuatilia kwa mwaka mmoja wagonjwa 559 waliolazwa kwa majeraha ya ubongo. Asilimia 53 kati yao walipatwa na sonona kali. Hata hivyo, asilimia 44 tu ya hao walioipata ndio waliotibiwa kwa dawa au ushauri nasaha.

Wagonjwa hao hawakuwa sawa. Waliowahi kuugua sonona kabla ya kuumia, na waliowahi kutawaliwa na pombe, walikuwa katika hatari zaidi. Wenye miaka 60 na zaidi walikuwa na hatari ndogo kuliko vijana. Tena, si kila anyamazaye ana sonona. Jeraha la sehemu ya mbele ya ubongo laweza kumwondolea mtu msukumo wa kutenda, naye akakaa kimya bila huzuni. Mwenye sonona aghalabu huhuzunika na kujihukumu.

Kwa hiyo mchungaji aanze kwa kuuliza: mgonjwa alikuwaje kabla ya ajali? Aendelee kumtembelea mwaka mzima, wala si juma la kwanza tu. Kwa kuwa kumbukumbu yaweza kuwa imedhoofika, aseme kwa ufupi, mahali patulivu, na kuyarudia maneno yake. Aulize waziwazi kama mgonjwa anatamani kufa. Kuuliza hakumpandikizii wazo hilo. Akikiri, asiachwe peke yake, bali apelekwe hospitali upesi.

Eliya alipoomba kufa chini ya mretemu (1 Wafalme 19), malaika hakumkemea. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale tena. Nasi tusitenganishe maombi na dawa. Tukimwambia mgonjwa wa ubongo kwamba amekosa imani, twamwongezea hukumu yeye ambaye tayari anajihukumu, na kumfungia mlango wa tiba.